Mama Anayetafuta Mtoto na Sindano za Kichina

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Tuzungumze juu ya mama anayetafuta mtoto na hapati.

Unamfahamu mama kama huyo. Pengine ni jirani yako. Pengine ni dada yako. Pengine ni wewe mwenyewe unayesoma sasa. Ameolewa miaka minne. Mawifi wameanza kumsema. Mama mkwe haulizi tena, anatazama tumbo tu. Mume bado anampenda, lakini wazee wamekwisha kumshauri aoe mke wa pili. Mama huyu amekunywa dawa za mizizi. Ameombewa. Mbuzi wawili wamekwisha kuuzwa.

Sasa amesikia habari mpya. Mjini kuna mtu anayetibu kwa sindano za Kichina. Inasemekana mama akichomwa sindano hizo hupata mimba. Lakini bei ni kubwa, na zizini amebaki ng'ombe mmoja wa maziwa.

Je, ng'ombe auzwe?

Hilo ndilo swali letu la leo. Swali hili lina jibu, kwa sababu sindano hizo zimepimwa. Tutaeleza ni nani walizipima, walizipimaje, na waliona nini. Lakini kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe.

YAI LISILOTOKA

Ndani ya tumbo la mwanamke, kulia na kushoto mwa nyumba ya uzazi, kuna viungo viwili vidogo. Viungo hivi huitwa ovari. Katika kila ovari mna vifuko vidogo vidogo sana, na katika kila kifuko mna yai.

Kila mwezi kifuko kimoja hukua mpaka kukomaa. Kikikomaa hupasuka, na yai hutoka. Yai hupita katika mrija kwenda kwenye nyumba ya uzazi. Likikutana na mbegu ya mwanamume, mimba huweza kutungwa. Lisipokutana nayo, baada ya wiki mbili hivi mama huona siku zake.

Kazi hii huongozwa na homoni. Homoni ni vitu ambavyo mwili wenyewe huvitengeneza. Hupita katika damu na kupeleka amri kwenye viungo.

Kwa wanawake wengine homoni hizi hazina uwiano. Vifuko vingi huanza kukua, lakini vyote huishia njiani. Hakuna kinachokomaa. Ni kama shamba la mahindi yaliyodumaa: mabua ni mengi, lakini hakuna linalotoa hindi. Daktari akipima kwa altrasaundi, mara nyingi huviona vifuko hivyo vimejipanga ndani ya ovari. Kwa hiyo ugonjwa huu umeitwa ugonjwa wa vifuko vingi vya ovari. Madaktari wawili wa Chicago, Marekani, Irving Stein na Michael Leventhal, waliueleza mwaka 1935.

Ugonjwa huu si wa watu wachache. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, kati ya 8 na 13 wanao. Wengi wao hawajui, kwa sababu hawajapimwa.

DALILI ZAKE

1. Siku za mwezi huchelewa. Hupita siku zaidi ya 35 kabla ya kuziona tena, au huziona chini ya mara 8 kwa mwaka.
2. Nywele huota kidevuni, kifuani au tumboni kama za mwanamume.
3. Chunusi huwa nyingi usoni, ingawa mama si msichana tena.
4. Unene huongezeka, hasa tumboni. Hata hivyo mwanamke mwembamba pia huweza kuupata.
5. Ngozi ya shingo au ya kwapa huwa nyeusi na nene kuliko mahali pengine.
6. Mimba huchelewa.

Si lazima mama awe na dalili zote hizi. Na dalili moja peke yake haitoshi kusema kwamba ana ugonjwa huu. Lazima apimwe.

Ndugu msomaji, ugonjwa huu haukuletwa na uchawi. Haukuletwa na dawa za uzazi wa mpango. Hauambukizi. Mara nyingi hupatikana katika ukoo, mama na binti, au dada na dada. Na mwenye ugonjwa huu si sawa kumwita tasa. Mayai anayo. Kinachotakiwa ni kulisaidia yai litoke.

SINDANO ZA KICHINA NI NINI?

Tiba ya sindano ilianza China zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Sindano yake ni nyembamba sana, karibu na unene wa unywele. Haina tundu wala dawa ndani yake. Mganga huichoma mahali maalumu mwilini, huiacha kwa muda, kisha huitoa. Siku hizi wengine huziunganisha sindano na umeme mdogo. Tiba hii huitwa pia akupancha.

Sisi Watanzania tiba hii si ngeni kwetu. Madaktari wa China walianza kuja kufanya kazi katika hospitali zetu tangu miaka ya 1960, na baadhi yao walitibu wagonjwa kwa sindano hizi.

Je, sindano hizi zinaweza kulitoa yai? Mwaka 2000 wataalamu wa Sweden walitoa taarifa. Waliwatibu kwa sindano za umeme wanawake 24 wenye ugonjwa wa vifuko vingi. Kati yao 9 walianza kutoa yai vizuri. Habari hii iliwapa watu wengi matumaini. Lakini jambo moja lilikosekana. Hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha nalo.

KULINGANISHA KUNA FAIDA GANI?

Wewe ni mkulima. Jambo hili utalielewa upesi.

Mtu anakuja kijijini na unga mpya wa kuweka shambani. Anasema unga huo unazidisha mahindi. Jirani yako anaununua na kuunyunyiza. Mwaka huo anavuna magunia 12. Je, ni unga? Pengine ni mvua. Mwaka huo mvua ilikuwa nzuri kwa watu wote.

Bwana shamba mwenye busara atafanyaje? Ataligawa shamba moja mara mbili. Upande mmoja ataweka unga, upande wa pili hataweka. Mbegu ni ile ile. Siku ya kupanda ni ile ile. Mvua ni ile ile. Siku ya kuvuna atapima magunia ya kila upande. Hapo ndipo atakapoujua unga ule.

Dawa ya binadamu hupimwa vivyo hivyo. Lakini binadamu ana jambo zaidi. Binadamu ana matumaini. Mtu akijua ametibiwa, huweza kujisikia vizuri kwa sababu ya kutibiwa tu. Kwa hiyo kundi la pili nalo hupewa kitu kinachofanana na dawa, lakini si dawa.

WACHINA WAPIMA SINDANO YAO

Kazi kubwa ya kuzipima sindano hizi ilifanywa huko huko China. Iliongozwa na daktari Xiaoke Wu wa Chuo Kikuu cha Tiba ya Kichina cha Heilongjiang, katika mji wa Harbin. Wanawake waliandikishwa kuanzia mwaka 2012 hadi 2014, katika hospitali zaidi ya 20. Walikuwa wanawake 1000. Wote walikuwa na ugonjwa wa vifuko vingi, na wote walitaka mtoto.

Wanawake hao waligawanywa katika makundi manne kwa njia kama ya kupiga kura, ili pasiwe na upendeleo.

Kundi la kwanza walipata sindano za kweli na vidonge vya kweli.
Kundi la pili walipata sindano za uongo na vidonge vya kweli.
Kundi la tatu walipata sindano za kweli na vidonge vya uongo.
Kundi la nne walipata sindano za uongo na vidonge vya uongo.

Vidonge vya kweli vilikuwa vya klomifeni. Hii ni dawa ya hospitali inayosaidia yai kukomaa na kutoka. Mama huimeza siku 5 tu katika kila mzunguko wa mwezi. Vidonge vya uongo vilifanana nayo, lakini havikuwa na dawa.

Sindano za kweli zilichomwa mahali panapofundishwa na waganga wa Kichina, nazo zilitiwa umeme mdogo. Sindano za uongo zilichomwa juu juu tu, mahali pasipo pa tiba, bila umeme. Kila mama alichomwa mara mbili kwa wiki, dakika 30 kila mara. Matibabu yaliweza kuendelea kwa mizunguko minne.

Wapimaji hawakuhesabu mimba tu. Walisubiri mpaka watoto wazaliwe, kisha wakahesabu watoto waliozaliwa hai. Matokeo yalitangazwa mwezi Juni mwaka 2017. Yasome polepole:

Waliopata vidonge vya kweli: katika kila wanawake 100, kama 29 walijifungua mtoto hai.
Waliopata vidonge vya uongo: katika kila 100, kama 15 walijifungua.

Waliochomwa sindano za kweli: katika kila 100, kama 22 walijifungua.
Waliochomwa sindano za uongo: katika kila 100, kama 22 walijifungua.

Umeona? Vidonge viliongeza watoto karibu mara mbili. Sindano hazikuongeza kitu. Sindano ya kweli na sindano ya uongo zilikuwa sawa. Hata mama aliyepata vidonge na sindano za kweli pamoja hakumpita sana aliyepata vidonge na sindano za uongo. Tena waliochomwa sindano za kweli walivilia damu chini ya ngozi na kuharisha zaidi kuliko wale wa sindano za uongo.

WALE 15 NI AKINA NANI?

Sasa tazama tena hesabu ile. Kuna wanawake ambao hawakupata dawa yoyote ya kweli ya kulitoa yai. Hata hivyo, katika kila 100, kama 15 walijifungua. Imekuwaje?

Katika ugonjwa huu yai halifungwi kabisa. Kwa wanawake wengi hutoka mara moja moja. Huenda likapita miezi mitatu bila kutoka, kisha likatoka. Likitoka wakati mume na mke wapo pamoja, mimba hupatikana.

Hapa ndipo penye siri ya waganga wengi. Mganga akiwatibu wanawake 100 kwa kitu chochote kile, hata kwa maji matupu, baadhi yao watazaa. Hao watarudi kwake na zawadi. Watasimulia kisimani, sokoni na kilabuni. Wale wengi waliobaki watanyamaza, kwa sababu wanaona aibu. Kwa hiyo kijiji husikia habari za waliozaa tu. Mganga naye si lazima awe mwongo. Huenda na yeye anaamini kwamba dawa yake ndiyo iliyofanya kazi.

Kwa hiyo, ukiambiwa, "Fulani alitibiwa pale akazaa," uliza swali moja: "Na wale ambao hawakuzaa ni wangapi?"

HATUDHARAU TIBA YA WACHINA

Ndugu msomaji, usifikiri tunaidharau tiba ya Kichina. Waliozipima sindano hizi ni wenye sindano wenyewe. Ni chuo chao, ni madaktari wao. Waliona matokeo wasiyoyatarajia, na hawakuyaficha. Hiyo ni heshima kubwa.

Na wapo waliopima dawa nyingine ya zamani ya Kichina wakaona inafaa. Katika miaka ya 1970 mama mmoja wa China, Tu Youyou, na wenzake walitoa dawa ya malaria katika mmea wa artemisia. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobeli. Dawa ya mseto tunayopewa zahanati kutibu malaria imetokana na kazi hiyo.

Dawa ya jadi ikipimwa, huweza kushinda au kushindwa. Mmea ule ulishinda. Sindano, katika jambo hili la kupata mtoto, zilishindwa.

MAMA AFANYE NINI?

Kwanza, andika. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Kila uonapo siku zako, andika tarehe ya siku ya kwanza. Fanya hivyo kwa miezi kadhaa. Daftari hilo litamsaidia sana daktari.

Pili, nendeni wawili. Kama mmekaa pamoja mwaka mzima mkitafuta mtoto bila kupata, nendeni hospitali. Kama mama amezidi umri wa miaka 35, msingoje zaidi ya miezi sita. Na kama siku zake hazina mpango, aende mapema zaidi. Mkono mmoja haulei mwana, na mtu mmoja hapimwi kwa ajili ya wawili. Katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, mwanamume naye ana kasoro. Kumpima ni kazi rahisi. Baba, usione haya.

Tatu, mpimwe sawasawa. Si kila anayekosa mtoto ana vifuko vingi. Katika Afrika sababu moja kubwa ni kuziba kwa mirija. Mirija huziba kwa sababu ya kisonono na maambukizi mengine ambayo hayakutibiwa mapema. Dawa ya kutoa yai haiwezi kuzibua mrija.

Nne, mama mwenye ugonjwa huu apimwe sukari katika damu. Ugonjwa huu hukaribisha ugonjwa wa kisukari. Kama ni mnene, apunguze sukari, soda na mafuta, na ale mboga na maharage kwa wingi. Atembee kila siku. Mama wa kilo 80 akipunguza hata kilo 4 tu, huenda yai likaanza kutoka lenyewe.

Tano, amuulize daktari juu ya dawa. Klomifeni umekwisha kuisoma. Ipo nyingine iitwayo letrozoli. Katika upimaji wa Marekani wa wanawake 750, uliotangazwa mwaka 2014, kati ya kila 100 waliomeza letrozoli kama 28 walijifungua. Kwa klomifeni walikuwa 19. Mwaka 2023 wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana kwamba letrozoli iwe ya kwanza kutumika. Dawa hizi usizinunue dukani ukajipa mwenyewe. Huweza kuleta mapacha, na haifai kuzimeza kama una mimba tayari. Daktari ndiye atakayepanga.

Sita, asiyetafuta mtoto naye asikae kimya. Kama ana ugonjwa huu na huona siku zake mara chache sana, ngozi ya ndani ya nyumba ya uzazi hujijenga na kuwa nene. Baada ya miaka mingi huweza kuwa saratani. Ikipita miezi mitatu bila kuona siku, na huna mimba wala hunyonyeshi, nenda ukapimwe.

Na kama bado unataka kuchomwa sindano za Kichina kwa maumivu ya mgongo au ya kichwa, hakikisha sindano ni mpya na inafunguliwa mbele yako. Sindano iliyotumiwa na mwingine huweza kukuletea UKIMWI au homa ya ini. Wala usiache dawa ya hospitali kwa ajili ya sindano hizo.

NG'OMBE ABAKI ZIZINI

Turudi kwa yule mama wa mwanzo. Je, ng'ombe auzwe kwa ajili ya sindano? Jibu ni hapana. Ng'ombe abaki. Itafutwe nauli ya watu wawili kwenda hospitali ya wilaya, na daftari lenye tarehe litiwe mfukoni.

Hatusemi kwamba dawa ya hospitali ni uhakika. Umeona mwenyewe: kati ya 100 waliomeza klomifeni, 71 hawakujifungua katika upimaji ule. Lakini matibabu yale yalikuwa ya mizunguko minne tu. Dawa moja ikishindwa, daktari ana nyingine ya kujaribu. Mama ajue hivyo tangu mwanzo, ili asivunjike moyo.

Na ninyi mawifi, na wewe mama mkwe, mna dawa yenu ya kutoa. Acheni kumsema. Mama anayesemwa huficha ugonjwa wake, na anayeficha huangukia kwa wauza matumaini. Mwambieni aende hospitali, na mumsaidie kazi za nyumbani siku hiyo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ovari: kiungo cha mwanamke kinachotunza mayai ya uzazi.
Homoni: vitu vinavyotengenezwa na mwili ili kupeleka amri kwenye viungo.
Akupancha: tiba ya sindano za Kichina.
Altrasaundi: kipimo kinachoonyesha viungo vya ndani bila kupasua.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini wanawake wengine katika upimaji wa China walichomwa sindano za uongo?
2. Mtu akisema dawa yake imewapa watoto wanawake 15, utamuuliza nini?
3. Kwa nini mume naye apimwe?
4. Katika kijiji chetu, tunamtendeaje mama asiye na mtoto? Tubadilishe nini?